Muuza mifumo kutoka Dar kaja Kigoma kunidhalilisha mbele ya bosi. Eti dagaa nao wanahitaji IP!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mods msiufute uzi huu wala msiuhamishie kwenye vichekesho. Hakuna cha kucheka hapa.

Mnamjua. Usijifanye humjui. Yule wa mashati ya kubana na kadi za biashara nene kama vigae, anayezunguka mikoani kuuza programu ya kusimamia anwani za IP (namba ya kila kifaa kwenye mtandao) na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba hizo), kila ofisi anaanza na "sisi kule Dar". Kama umefanya kazi ya IT popote kati ya Morogoro na huku mwisho wa reli, ameshakalia kiti chako na chaja yako kaitumia. Jina silitaji, sina haja.

Leo zamu yangu. Kampuni yetu ni ya mizigo, ofisi kuu Kigoma mjini, matawi Kasulu, Kibondo na Uvinza. Kila tawi lilifungiwa ruta na fundi wake, na kila fundi kaliacha fungu lile lile la anwani, 192.168.1.0, kama lilivyotoka kwenye boksi. Siku tunataka kuyaunganisha matawi kwa VPN, yaani njia ya faragha juu ya intaneti, printa ya Kasulu na seva ya Kigoma zina anwani moja! Orodha ya IP ipo kwenye Excel, na hiyo Excel ina nakala kila meza, kila mtu anaapa yake ndiyo sahihi. Bosi akaniambia, kijana, tafuta programu ya kumaliza hii aibu, nichambulie niletee.

Nikachambua. Nimelala ofisini kwa ajili ya hii kazi. Nimefunga phpIPAM, programu ya bure ya kuorodhesha anwani, nikaijaza, ikaskani mtandao na kunionyesha vifaa ambavyo hakuna aliyejua vipo. Nimefunga NetBox, nyingine ya kuorodhesha, nikaona ni nzuri mno kwa kumbukumbu lakini yenyewe haigawi anwani wala haijibu maswali ya DNS, kwa hiyo lazima uiwekee mwenzake kama Kea, programu ya DHCP (ya kuvigawia vifaa anwani), hiyo ambayo watengenezaji wake ISC wanawahimiza watu wahamie tangu walipoacha kuihudumia DHCP yao ya zamani mwaka 2022. Za kulipia nazo nikazisoma, Infoblox, BlueCat, EfficientIP, nyaraka zao mpaka macho yakawa mekundu. Nikayapanga matawi yote upya ndani ya 10.0.0.0/8, anwani zaidi ya milioni 16 za matumizi ya ndani ambazo hakuna anayekudai hata senti. Kila tawi na fungu lake, na nafasi ya kukua. Ripoti nikaichapa, nikaibana, nikaiweka mezani.

Huyu mtu anaingia. Ananishika bega kama mdogo wake. Ripoti haifungui hata ukurasa mmoja. Anamgeukia bosi: "Mzee wangu, kwani huku mna vifaa vingapi? Dagaa nao wanahitaji IP?"

DAGAA NAO WANAHITAJI IP!!

Bosi akacheka. Wakuu, bosi wangu ile sura haijacheka tangu Wajerumani waizamishe meli yao hapa ziwani mwaka 1916. Leo kacheka mpaka kavua miwani. Mama mhasibu kacheka. Mlinzi yupo getini, swali hata hakulisikia, naye kacheka.

Nikajikaza, nikauliza maswali ya mtu mzima. Laini ya Kibondo ikikatika, DHCP ya tawi inaendelea kugawa anwani au watu wanabaki na zile 169.254 ambazo kompyuta hujipa yenyewe ikikosa mgawaji, wanakodolea skrini? "Hilo tutaliona kwenye utekelezaji." Leseni inahesabiwa kwa anwani, kwa kifaa au kwa seva? "Tuna vifurushi." Mtu akibadilisha rekodi ya DNS usiku, logi inamtaja? "Mfumo ni wa kisasa." Mkataba ukiisha, data zetu tunazitoa kwa CSV, faili la kufungua popote, au zinabaki kwenu? Akanywa maji! Demo hakuwasha. Alikuja na slaidi tupu, na kwenye slaidi, sikilizeni vizuri, kuna kompyuta ya mfano yenye anwani 10.1.1.300. MIA TATU! Kila namba kwenye anwani inaishia 255, mwanafunzi wa cheti analijua hilo! Nikamnyooshea kidole ukutani. Mnajua kajibu nini?

"Hao ndio dagaa waliozidi."

Wakacheka tena!

Hapa kuna bandari. Mizigo ya Kongo na Burundi inapita hapa. Lori linakaa getini na dereva analala chini ya tela kwa sababu printa mbili zinagombania anwani moja na karatasi haitoki. Mimi ndiye ninayeamshwa. Halafu mtu anakuja na slaidi ya mia tatu kuniuliza habari za dagaa, mbele ya watu ninaowafungia kompyuta kila siku. Nimetoka ofisini, sijafika mtaa wa Mwanga, bodaboda ananipigia honi: "Kaka, dagaa wamepata IP?" Imefika kabla yangu!

Dagaa. Nao. Wanahitaji. IP.

—

Mwisho_wa_Reli: Nimeshusha mkeka. Mkuu namjua huyo, namjua mpaka viatu. Kwetu alimwambia meneja kuwa DNS ni aina ya antivirasi, meneja akaandika kwenye daftari.

Ruta_Mbovu: Huyo huyo! Kwetu Uvinza, kwenye chumvi, aliuliza kama chumvi nayo ina domeni, yaani jina la tovuti. Wakubwa wakacheka, chai ikaletwa.

Mleta uzi: KWA HIYO ANA UTANI WA KILA WILAYA?? Anajiandaa kabisa njiani?

Ruta_Mbovu: Kasulu nasikia ni maharage.

Bibi_Seva: Mleta uzi punguza jazba. Matawi yenyewe yanahesabika kwa vidole, unasoma nyaraka za Infoblox za nini? phpIPAM ni ya bure, ifunge, lala. Umechekwa kidogo unataka nchi nzima isimame.

Mleta uzi: Dada yangu, ripoti ukurasa wa pili inasema hivyo hivyo! Nimeandika phpIPAM na Kea zinatutosha kwa sasa, hela iliyobaki tununue swichi! Ndiyo maana nimeumia! Angeifungua angeona simpingi mtu, nimefanya hesabu. Hakuifungua. Kamgeukia bosi kasema dagaa.

Bibi_Seva: Sawa, hapo pole. Ila mia tatu na wewe uliiona mapema, ungenyamaza umpige nayo wakati wa bei. Kijana huna subira.

Mgebuka_Mkavu: Ambacho hamuulizi ni hiki: bosi kasaini au hajasaini?

Mleta uzi: Kasema atafikiria. Anafikiria huku anacheka.

Mgebuka_Mkavu: Basi imeshasainiwa hiyo. Jiandae kupokea vifurushi.

Kijana_wa_Kitete: Nyie Kigoma mnalia na utani, njooni Tabora mlie na kazi. Ofisini kwetu kuna DHCP mbili. Moja yangu, nyingine aliiacha fundi wa kamera kwenye kiboksi chake juu ya dari. Ukichomeka laptopu unapewa anwani na yeyote atakayewahi. Asubuhi nusu ya ofisi ina intaneti, nusu haina, mchana wanabadilishana. Bosi ameshasema ni uchawi, kuna mtu anataka kuletwa kunyunyiza dawa kwenye chumba cha seva.

Mwisho_wa_Reli: Washa DHCP snooping kwenye swichi mkuu, uruhusu mlango wa seva yako tu.

Kijana_wa_Kitete: Swichi gani? Ile ya elfu thelathini ya dukani? Haina hata pa kuingilia.

Mama_Mawese: Afadhali yenu wote. Domeni yetu ya .co.tz aliiandikisha kijana aliyetutengenezea tovuti, kwa jina lake, kwa baruapepe yake. Ikaisha muda, taarifa za kulipia zinakwenda kwake, sisi hatujui chochote. Asubuhi moja barua pepe zote za ofisi zimekufa. Wateja wa Bujumbura wakadhani tumefilisika, mmoja akapeleka oda ya mawese kwa jirani yangu ambaye hata kibali cha kusafirisha sidhani kama anacho. Kijana kabadilisha namba. Mama yake namwona sokoni, ananikwepa.

Bibi_Seva: Eeh! Hili sasa ndilo la kufunguliwa uzi.

Mwisho_wa_Reli: Mama pole sana. Watu humu andikisheni domeni kwa jina la kampuni, baruapepe ya mawasiliano isiwe ya fundi, na isiwe kwenye domeni hiyo hiyo maana ikifa taarifa nazo zinakufa.

Mleta uzi: Jamani, tupo kwa yule mtu wa slaidi. Mia tatu! Mbele ya mhasibu!

Ruta_Mbovu: Mama Mawese, ulimlipaje? Kama una risiti, ichukue na cheti cha kampuni, nenda kwa msajili aliyeuza hiyo domeni ukawaeleze.

Mama_Mawese: Nilimtumia kwa simu, na ujumbe ulikuwa kwenye simu iliyoanguka ziwani pale Kibirizi.

Bibi_Seva: Mtandao wa simu wanayo kumbukumbu, omba taarifa ya miamala. Usikubali kuzungushwa, kaa pale pale mpaka wakuchapie.

Mama_Mawese: Nitakwenda kesho nikishatoka kwa huyo mama yake.

Mgebuka_Mkavu: Mkiwa hapo Kibirizi, boti ya kwenda Kalya siku hizi inaondoka siku gani?

Kijana_wa_Kitete: Na UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nani anamjua fundi wake asiyebadilisha betri nzuri akakurudishia kuukuu? Yupo mmoja hapa stendi, mwenyewe anajijua.

Ruta_Mbovu: Boti uliza nauli kwanza kabla ya siku. Nilichofanyiwa pale nitakifungulia uzi wake leo leo.