Baiskeli na watoto Mombasa mwezi wa nane, huu mpango utawezekana?

BabaWatatu_Ruaka

Habarini wakuu, hasa nyinyi wa Pwani. Nko na swali na naomba msinicheke. Shule zikifunga mwezi wa nane tunakuja Mombasa siku saba, mimi, mama watoto na watoto watatu, mkubwa ana 13, wa kati 9, kitinda mimba ana 4. Miaka yote tukija huko ni kulala hotelini, kula, kuingia baharini kidogo alafu kila mtu na simu yake, sa mwaka huu tumeamua tunakuja na baiskeli. Sisi si wanariadha, tunazunguka tu msitu wa Karura hapa Nairobi Jumapili, ingawa huyu wa 13 anajiona bingwa wa dunia.

Nimechora mpango kwenye karatasi. Siku ya kwanza mjini, Fort Jesus na Mji wa Kale. Siku ya pili tunavuka Nyali Bridge tunafuata barabara ya Malindi mpaka Kilifi, tunalala, tunarudi, alafu tunapanda feri ya Likoni tunaendesha mpaka Diani. Kwa ramani Kilifi naona ni kama kilomita 55 na Diani kama 30 toka Likoni, na ni tambarare, si kama huku kwetu milimani. Nikamwonyesha mama watoto akasoma yote akaniuliza swali moja tu, "na malori?" Nikakosa jibu.

Kwa hivyo naulizia njia, na kama mtoto wa 4 anaweza kubebwa nyuma kwenye karia safari yote, na kama ni kweli mtu anaweza kuendesha kwenye mchanga ufuoni ama hizo ni picha za matangazo tu.

MzawaWaKuze

Karibu sana ndugu yangu. Lakini hiyo karatasi ichane, tena leo leo.

Mimi nimezaliwa hapa na baiskeli naipanda tangu zile za kukodi kwa dakika tukiwa watoto. Kilifi nimekwenda mara mbili, ya mwisho nilikuwa na mpwa wangu wa miaka 16. Tumeshapita Mtwapa matatu ikatupita kwa mkono wa kushoto, kule kwenye vumbi, manamba amening'inia, na mlango ukagusa hendeli ya yule kijana. Kidogo tu, ting, kengele yake ikaruka. Yeye hakuanguka alhamdulillahi, lakini tulikaa chini ya mkorosho nusu saa hakuna aliyesema neno, kisha tukapakia baiskeli juu ya gari tukarudi zetu. Malori ya simiti, malori ya mchanga, mabasi ya Malindi, kila mtu ana haraka zake. Likoni kwenda Ukunda ni yale yale. Na upande wa Makupa, Changamwe, Jomvu usiende hata kwa kutazama, huko ni makontena yatoka bandarini usiku na mchana.

Sasa mazuri. Mji wa Kale raha yake ni alfajiri. Watu wakishatoka msikitini, saa kumi na mbili unusu hivi, tuktuk hazijaamka bado, Ndia Kuu yote ni yenu. Vichochoro ni vyembamba, mkikuta mtu kaweka kiti chake nje mwashuka mwasukuma, na salamu mtoe, msimpite mzee barazani kimya kimya kama wezi. Waonyeshe watoto Msikiti wa Mandhry, huo ni wa 1570, kisha muende Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, uwaulize kipi kikubwa kwa umri. Wanangu wote nimewauliza mbele ya ngome na wote wamenibishia.

Ukitoka ngomeni si mbali mpaka Mama Ngina, ile bustani ya ufuoni iliyotengenezwa upya 2019, ina mibuyu minene na meli zaingia Kilindini hapo hapo mbele ya macho yenu, wale watoto hawataamini. Lakini asubuhi tu. Jioni, na hasa Jumapili, Mombasa nzima iko pale yala mihogo na viazi karai, baiskeli haina pa kupita.

UmmuYusra

Huyo dada aliyeuliza habari ya malori mpe salamu zangu, nyumba hiyo ina mtu mwenye akili 😄

Kaka nijibu la mtoto wa miaka 4 kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe. Binti yangu alipokuwa umri huo nilikuwa nampakia kwenye karia, nimekunja leso mbili kama mto, na leso ya tatu nimemfunga nayo kiunoni kwangu, nikajiona hodari kweli. Siku moja twatoka Kizingo akasinzia, mguu ukalegea ukaingia kwenye spoki. Nilisikia baiskeli imekaza tu kama breki imeshikwa, kugeuka naona kiatu chekundu kimebanwa na mtoto hata kulia bado hajalia, yuwanitazama. Mfupa ulikuwa salama ila ngozi ya kisigino ilitoka yote na mpaka leo alama anayo, akigombana nami huinyanyua akanionyesha. Kwa hivyo karia peke yake hapana. Tafuta kile kiti cha mtoto chenye mahali pa kuweka miguu na mikanda, ama fundi akuzibie tairi la nyuma pande mbili kwa bati. Na hata hivyo dakika arobaini zikipita ateremke acheze, mtoto hachoki kwa kuendesha, huchoka kwa kukaa.

Nyali Bridge msiivuke juu ya baiskeli. Ina njia ya miguu pembeni lakini asubuhi na jioni imejaa watu wa kazini, na nyinyi ni msafara. Sukumeni, simameni katikati mtazame maji ya Tudor, mteremke. Ama pakieni kwa pikapu mshukie Nyali, hakuna atakayewapa medali.

Dada akija Mji wa Kale avae tu nguo ya heshima inayomruhusu kupiga pedali, dera refu lisiwe, litaingia kwenye cheni. Mimi hupanda na buibui fupi na suruali chini na hakuna aliyewahi kuniambia kitu, wazee huniuliza tu "huchoki?"

NahodhaMstaafu

Hilo la mchanga nami nijibu kwa sababu naona watu wa bara huja wanaangalia saa badala ya kuangalia maji. Kuendesha ufuoni kunawezekana na ni raha, lakini si wakati unaotaka wewe, ni wakati bahari inapotaka.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wetu wa Kiislamu na siku mbili tatu za kufuatia, hapo ni bamvua, tofauti ya maji juu na chini ni kama mita 3 au zaidi. Na uzuri wa Mombasa ni kwamba bamvua maji hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Ukiingia ufuoni saa mbili unusu maji yanatoka, mchanga ulioachwa ni mgumu, umelowa, tairi halizami hata kidole. Unakwenda mpaka saa tano ukitaka. Lakini siku za maji mafu, tarehe saba na ishirini na mbili hivi za mwezi huo huo wa Kiislamu, asubuhi utakuta maji yamekuja juu na kilichobaki ni ule mchanga tifutifu wa minazini, hapo baiskeli utaibeba wewe.

Alafu upepo. Agosti ni kusi, inavuma kutoka kusini na ina nguvu, mchana ndio inazidi. Watu hufanya kosa hili, wanaanzia Nyali wanaelekea Bamburi na Shanzu, wanaruka kama ndege, wanasema aah baiskeli rahisi, kumbe wanasukumwa. Kurudi mtoto wa miaka 9 analia. Nyinyi anzeni kaskazini mje kusini, mpigane na upepo mkiwa na nguvu, kisha urudi ukisukumwa. Mkija Disemba ni kaskazi, geuzeni.

KijanaWaGalu

Wazee heshima zenu lakini mnampoteza mtu. Mwenye watoto aende Diani moja kwa moja. Ile barabara ya ufuoni, si ile kubwa ya Ukunda, ina miti na kivuli na magari yanakwenda polepole kidogo, na juu mtaona madaraja ya kamba yamevutwa upande huu wa barabara mpaka ule, hayo ni ya mbega wavuke bila kugongwa. Watoto wakimwona mbega anavuka juu yao na mkia ule mweupe hamtoki hapo. Kima nao wapo, hao ni wezi, msiache mkate kwenye kikapu cha baiskeli.

Maji yakitoka mnaenda kwa mchanga mpaka Msikiti wa Kongo pale mtoni, una mibuyu imeuzunguka. Upande wa pili wa kusini kuna Kaya Kinondo, moja ya kaya za Mijikenda zilizoingia urithi wa dunia 2008, mnafungwa kaniki nyeusi mnaingia na mtu wa kuwaongoza, baiskeli zinabaki nje. Baiskeli za kukodi pia zipo Diani kwa hivyo si lazima mje nazo zote.

Na mkishuka treni Miritini msijisumbue na feri. Chukueni gari yenye nafasi ya mizigo mpite barabara ya Dongo Kundu mtokee huku kusini moja kwa moja.

UmmuYusra

@KijanaWaGalu na feri waikose? Watoto wa bara? Ile feri ndio safari yenyewe, kwa miguu hulipi, mnasukuma baiskeli mnasimama pembeni mnakula kachiri, dakika chache mmevuka. Wasiende tu wakati wa watu wa kazini. Asubuhi mapema umati wote unakuja kisiwani, jioni wote wanarudi Likoni. Saa nne saa tano ni shwari.

BabaWatatu_Ruaka

Jamani asanteni, karatasi nimechana kweli, Kilifi imekufa. Mama watoto amesoma hii yote kwa sauti mezani na pale kwa UmmuYusra alinyamaza akaenda kuiangalia baiskeli yangu kule nje.

Mpango mpya. Mji wa Kale siku mbili za kwanza, alafu Bamburi siku mbili tatu, alafu Diani. Nimehesabu mwezi, tukifika utakuwa na siku 12. Nahodha niambie kama nimepatia. Na Bamburi mbali na ufuo kuna nini? Swali lingine, baiskeli zetu zitarudi Nairobi zikiwa na kutu ama?

NahodhaMstaafu

Umepatia nusu. Mwezi 14, 15, 16 mtakuwa Bamburi, maji yatakupwa kati ya saa tatu na saa tano kasoro, hiyo ni zawadi. Lakini mkifika Diani mwezi 17, 18 maji yatakupwa saa sita, jua la utosi, na huyo wa miaka 4 mtamchoma. Kwa hivyo Diani asubuhi endesheni ile barabara yenye kivuli, mchanga muuachie tu lisaa limoja la mwisho la asubuhi maji yakishatoka, kisha ndani mkalale.

MzawaWaKuze

Bamburi nenda Haller Park, baiskeli muziache getini, na zile njia za msituni za hapo hapo jirani ambazo zinaruhusu baiskeli, hakuna gari hata moja. Waambie watoto pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya simiti, jiwe tupu, jeupe, maji ya chumvi chini. 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje, ikashika, lakini majani yake yakianguka hayaozi. Alichofanya ni kuleta majongoo. Ndio, majongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu, wakayala yale majani wakatoa udongo, miti mingine ikafuata. Mjukuu wangu tangu asikie hilo akikuta jongoo njiani hushuka kwenye baiskeli amvushe, tumefika nyumbani usiku mara moja kwa sababu ya majongoo.

FundiSpoki_Kongowea

Ya kutu niachieni mimi. Mkubwa, kutu ndio mimi hula nayo hapa, watu wanatoka pwani jioni wanaweka baiskeli ukutani, asubuhi cheni imekuwa rangi ya chai.

Ukitoka ufuoni tu, kabla hujaoga wewe, mwagia baiskeli maji baridi yasiyo ya chumvi, kwa kopo, polepole. Usipeleke pale wanapoosha magari kwa yale maji ya nguvu, yanasukuma mchanga ndani kwenye goroli. Pangusa, acha ikauke, cheni tia oili matone machache alafu futa tena, oili ikibaki nyingi inakuwa gundi ya mchanga. Na vijana wakatazwe kuendesha ndani ya maji, najua wataendesha, lakini wakatazwe, kule katikati ya gurudumu maji ya bahari yakiingia ndani ya siku tatu utasikia inasaga kama kinu. Upepo wa tairi punguza kidogo ukiwa mchangani, ukirudi lami jaza.

Hiyo baiskeli ya wa miaka 9 ni inchi ngapi? Kama ni 20 tubu zipo tele. Kama ni 24 njoo na zako mbili, hizo hapa nazitafuta hata mimi.

BabaWatatu_Ruaka

Ni 24 😅 nitabeba tatu. Na kiti cha nyuma chenye mikanda mama watoto ameshalipia, mimi niliarifiwa tu.