Mjadala: Shotgani kuukuu za Uingereza, je, ni sawa zote zisagwe?

Ndugu wachangiaji, mwenzetu mmoja ametoa hoja kwamba kila shotgani kuukuu (bunduki ya kurusha marisau, yaani vigololi vidogo vingi kwa mpigo mmoja) inayosalimishwa nchini Uingereza na kukatwakatwa ni hatari moja iliyopungua, na kwamba hakuna cha kusikitikia hapo. Naiheshimu hoja hiyo kwa kuwa inatokana na kujali uhai wa watu. Hata hivyo siikubali, na naomba nieleze kwa nini.

Mimi ninaishi Birmingham. Mwaka juzi jirani yangu, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe, aliniomba nimsindikize kupeleka bunduki ya marehemu kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, maana sheria haimruhusu mrithi kukaa na shotgani bila cheti au kibali cha muda cha polisi. Ilikuwa bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, ya karne ya 19. Fundi aliifungua, akaielekeza mitutu dirishani na kuchungulia ndani, kisha akaniita nione. Kwa nje mitutu ilikuwa na mawimbi membamba mfano wa ukindu uliosukwa, kwa sababu ilitengenezwa kwa vipande vya chuma laini na feleji vilivyosokotwa pamoja, vikazungushwa kwenye fimbo na kugongwa motoni hadi vikashikana. Chini yake kulikuwa na mihuri ya Nyumba ya Majaribio ya Birmingham, taasisi inayopima kama mitutu ya bunduki inahimili mlipuko, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, ikionyesha kwamba bunduki hiyo ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, ile ya zamani, si ya kisasa yenye nguvu zaidi. Kwa ndani kutu ilikuwa imekula chuma. Fundi alipima unene wa mtutu mara tatu, akatikisa kichwa. Kuuza bunduki isiyokidhi viwango vya majaribio ni kosa, na kuipeleka ijaribiwe upya kungegharimu zaidi ya thamani yake, tena huenda ingepasuka. Mama alipapasa kitako, mahali ambapo shavu la mumewe lilikuwa limelainisha mbao kwa miaka mingi, akatia sahihi. Ikaenda kukatwa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Bunduki ile hakuna aliyeihukumu kuwa hatari kwa umma. Iliangamia kwa sababu sheria haikuiachia mahali pa kukaa. Tangu tarehe 1 Mei 1968, kumiliki shotgani nchini humo kunahitaji cheti cha polisi. Vitu vya kale vimesamehewa, lakini msamaha huo hautazami umri peke yake. Gobore la mwaka 1850 linaweza kutundikwa sebuleni kama pambo bila cheti chochote, ilhali shotgani ya kipimo cha 12 (ukubwa wa tundu la mtutu ulio wa kawaida hadi leo) ya mwaka 1880, inayotumia risasi zenye fataki katikati ya kitako cha ganda, inahesabiwa sawa na ile iliyotoka kiwandani wiki iliyopita, kwa kuwa risasi za kipimo hicho bado zinauzwa. Kanuni za mwaka 2021 zimeuandika msimamo huo waziwazi: zinataja aina za risasi na mifumo ya kuwasha baruti inayokubalika, na kuweka ukomo kwamba silaha iwe imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939. Hali halisi ya mtutu haimo katika vigezo hivyo.

Juu ya hayo kuna gharama. Tarehe 5 Februari 2025 ada ya cheti kipya cha shotgani ilipanda kutoka pauni 79.50 hadi pauni 194, na ya kukihuisha kila baada ya miaka mitano kutoka pauni 49 hadi pauni 126. Shotgani nyingi za kawaida zilizotengenezwa Birmingham zamani huuzwa mnadani kwa bei isiyofikia ada hiyo. Kisha Julai 2025 serikali ilitangaza kwamba marisau yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, yatapigwa marufuku baada ya kipindi cha mpito, jambo ninaloliunga mkono kwa ajili ya ndege na udongo, lakini marisau ya chuma ni magumu mno kwa mitutu mingi ya zamani, na yale ya bismathi, metali laini zaidi, ni ghali. Nakiri pia kwamba si sheria pekee iliyoziangusha: wapiga shabaha wengi wamehamia bunduki mpya za Italia na Uturuki.

Sasa nirudi kwenye uhai wa watu, ambao ndio msingi wa hoja ya mwenzetu. Tarehe 1 Januari 2012, kijijini Horden, mwanamume aliwaua wanawake watatu wa familia moja kwa shotgani aliyoimiliki kihalali. Tarehe 12 Agosti 2021, katika mtaa wa Keyham mjini Plymouth, mwingine aliwaua watu watano, akiwemo mtoto wa miaka mitatu. Katika matukio yote mawili polisi walikuwa wamewahi kumnyang'anya mhusika silaha, kisha wakamrudishia. Maumivu hayo siyachukulii kwa wepesi, na ndiyo maana sipingi ada kupanda ikiwa fedha hizo zitalipia uchunguzi makini wa waombaji, wala sipingi daktari kuulizwa kuhusu afya ya mwombaji. Uzembe ulikuwa katika kumpima mtu, na kukata bunduki mbovu ya mjane hakuuzibi mwanya huo hata kidogo.

Ninachopendekeza ni njia ya kuizima silaha kabisa, yaani isiweze kufyatua tena, kwa gharama ambayo mjane anaimudu. Kuzima kupo tayari, na Nyumba za Majaribio za London na Birmingham hutoa vyeti vyake, lakini tangu mwaka 2016 masharti yanataka hata sehemu za mtambo wa kufyatulia zichomelewe zisisogee, na bei yake mara nyingi huizidi bunduki yenyewe. Mtutu ukizibwa kwa chuma na chemba, pale risasi inapokaa, ikichomelewa bila kuugusa mtambo, fundi wa kesho bado anaweza kuufungua mtambo na kujifunza namna ulivyochongwa kwa tupa. Najua wapo watakaosema kwamba hata bunduki iliyozimwa inaweza kumtishia karani wa duka, na hilo ni kweli. Basi na iandikishwe kwa jina la mwenye nayo. Je, mwenzetu ana pingamizi gani kwa bunduki ya namna hiyo?