Naombeni ushauri: helmeti ya zamani ya futiboli ya Kimarekani, niipake rangi au niiuze ilivyo?

Mgeni wa Ohio: Habari zenu wakuu. Nipo Ohio, Marekani. Nina helmeti ya futiboli ya kwao, ya timu ya Rams, 1948, plastiki, ina pembe za njano ubavuni. Rangi imebanduka, utosini kuna ufa. Mteja anakuja Jumamosi. Niipige msasa na kuipaka upya ipande bei? Usingizi siupati.

Fundi Viatu: Usiguse rangi! Wanaokusanya vitu vya kale wanalipia huo uchakavu. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Mama Tausi: Shemeji yangu aliuza saa ya marehemu baba mkwe kwa haraka hivyohivyo, mpaka leo hawasalimiani. Umeipata wapi, mwanangu?

Mgeni wa Ohio: Nimepewa, mama.

Mama Tausi: Na nani?

Mgeni wa Ohio: Mzee ninayemhudumia nyumbani kwake, ndiyo kazi yangu. Kanipa kwa mkono wake. Ofisini hawaruhusu zawadi, lakini hii si hela. Na advansi nimeshapokea. Ada ya mdogo wangu Morogoro haisubiri.

Kitasa: Kumbe! Halafu unatuuliza rangi? Mzee akisahau kesho, wanawe watakuita mwizi. Shahidi unaye?

Deiwaka: Advansi kiasi gani mkuu? Tukupokee uwanja wa ndege.

Mpenda Zamani: Jamani, hii chai. Rams ndio wa kwanza NFL, ligi kuu ya mchezo huo, kuweka nembo kwenye helmeti, 1948 kweli, ila mchezaji wao Fred Gehrke alichora hizo pembe kwa mkono kwenye helmeti za ngozi. Mwaka huohuo NFL ilipiga marufuku helmeti za plastiki kwa kuwa zilikuwa zinapasuka, ikaziruhusu tena 1949. Hiyo yako imetoka wapi?

Mgeni wa Ohio: Situngi, mkuu. Mwaka kautaja mzee. Anasema kaka yake aliivaa hapahapa Cleveland.

Mpenda Zamani: Rams walihama Cleveland kwenda Los Angeles 1946, kabla ya hizo pembe. Hebu chungulia ndani, kuna nini?

Mgeni wa Ohio: Mikanda ya kitambaa imepishana utosini, katikati imekazwa kwa kamba. Kuna mhuri wa RIDDELL. Kila upande wa mbele kuna matundu mawili ya skrubu, chuma hakipo.

Mpenda Zamani: Hapo nakuamini kwamba helmeti unayo. Mikanda hiyo ndiyo ubunifu wa Riddell, inashikilia kichwa kisigusane na ganda. Matundu ni ya kinga ya uso. Hizo zilienea baada ya 1953, mchezaji Otto Graham wa timu ya Cleveland Browns alipopasuliwa mdomo na kocha Paul Brown akaagiza atengenezewe kinga. Inaelekea ni ya shule iliyoiga pembe za Rams. Shule nyingi ziliziiga. Bei yake iko chini kabisa. Mteja umemwambia ni ya nani?

Mgeni wa Ohio: Ya Rams, 1948. Ndivyo nilivyoambiwa na mzee.

Mama Tausi: Ana binti? Mpigie leo, kabla hujamwambia mtu mwingine neno.

Mgeni wa Ohio: Anaye. Akiitaka je? Advansi nimeshaituma nyumbani.

Kitasa: Mpigie binti kwanza, kisha mteja. Ya advansi utaomba akupe muda.

Deiwaka: Kiasi gani lakini?