Mjadala: Kuchelewa Nairobi ni mila, au ni cheo?

Naileta hoja hii nikiwa bado na hasira za Jumamosi. Tulialikwa harambee, kadi ikasema saa nne asubuhi. Mgeni wa heshima akafika saa nane na robo. Watoto wa kwaya walikuwa wamepangwa juani tangu saa nne kasorobo, na mmoja wao, msichana wa miaka saba hivi, alikuwa anavua kiatu hiki, anakivaa, anavua kile, maana vilikuwa vinambana. Mheshimiwa aliposhika maikrofoni alicheka tu: "Mnazijua saa zetu za Kiafrika." Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, na hilo ndilo linaloniuma.

Nasema hakuna saa za Kiafrika Nairobi. Kuna wa kungoja na wa kungojwa. Pita Barabara ya Lunga Lunga kabla jua halijatoka uone vibarua wa Mukuru wanavyokimbilia Industrial Area kwa miguu. Lango likishafungwa siku imekwenda, na bawabu hataki kusikia habari za mila. Hata treni ya Mombasa, tangu ilipoanza mwaka 2017, watu huifuata Syokimau mapema na mizigo yao, kwa kuwa wanajua haimngoji mtu. Hao si Waafrika?

Mwalimu mstaafu, Buruburu:
Pole na Jumamosi, mwanangu, lakini usiitukane mila kwa makosa ya mtu mmoja. John Mbiti, msomi wa dini na falsafa za Kiafrika, mtu wa kwetu Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wakati ni matukio, akatumia maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kulieleza jambo hilo. Kwetu, ng'ombe wakirudi ndiyo jioni. Baraza huanza wazee wakitimia. Hapo hakuna aliyechelewa, maana hakuna saa iliyotajwa. Wasomi wenzake walimpinga, najua, lakini kwa hili la baraza mimi nimeliona kwa macho yangu. Na anayesema hatukuwa na hesabu ya saa ajiulize kwa nini saa moja ya Kiswahili ni ile jua likishachomoza. Nairobi iko karibu na ikweta: mwaka mzima jua hutoka kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo. Unahitaji saa ya ukutani ya nini?

Abiria wa Rongai:
Nyinyi hampandi matatu. Matatu haina saa, ina viti. Kondakta anaita "wawili twende, wawili twende," unaingia, unakaa nusu saa, kumbe wale wanne waliokaa mbele ni wa kulipwa, kazi yao ni kufanya gari lionekane limejaa. Abiria wa kweli akiingia, mmoja wao anashuka. Ndiyo maana nikipigiwa simu nasema nimefika Bomas, na hata stejini sijatoka. Mvua ikinyesha, usiniulize kabisa. Wenye pesa walifunguliwa barabara yao ya juu mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Wanalipa, wanapita, halafu bado ndio wanaochelewa kwenye harambee.

Mwenye hoja:
Rongai, hapo umenisaidia. Mwalimu, heshima yako, ila kadi ilitaja saa. Wazee wa baraza hawakuandika saa nne wakaja saa nane. Aliyechukua saa ya kadi kutuitia, kisha akachukua baraza la wazee kujitetea, huyo ametumia mila kama mwavuli.

Mama wa chama, Kayole:
Chama chetu kina faini ya shilingi 50 kwa kila anayechelewa. Saa tisa ikigonga, katibu anafungua daftari na kuandika majina. Mwenyekiti mwenyewe ameshalipa mara tatu, na mara ya tatu alinuna hadi chai ikapoa. Sasa kinachonishangaza: akina mama hao hao, ukiwaalika harusi ya saa nne, wanatoka kwa msusi saa sita. Nikiwauliza wanasema, "Kwani bibi harusi atakuwa amefika?" Basi kila mmoja anamngoja mwenzake achelewe kwanza.

Mwenye hoja:
Mama, hilo la bibi harusi sina jibu lake. Kuna yeyote hapa aliyewahi kuanza shughuli saa ya kadi, kiti cha mgeni wa heshima kikiwa kitupu? Hebu aseme ilikuwaje alipoingia.