Naomba ushauri: Lee-Enfield No. 4 ya 1943, namba ya bolti hailingani na ya bunduki

MpendaShabaha
Wakuu, habari zenu. Nina Lee-Enfield No. 4 Mk I ya mwaka 1943, kaliba .303, kibali ninacho. Ilikaa stoo miaka mingi na imejaa grisi iliyoganda. Mambo mawili yananinyima raha. Namba iliyogongwa kwenye mpini wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) si ile iliyo kwenye mwili wa bunduki. Halafu nikichungulia mtutu naona mifereji miwili tu, wakati ninazoziona kwenye picha zina mitano. Mtutu umelika? Naweza kwenda uwanjani nikajaribu risasi chache?

FundiChuma
Mkuu, usifyatue hata moja kwanza.

Mifereji isikutishe. Wakati wa vita ilitengenezwa mitutu mingi ya mifereji miwili ili kazi iende haraka, na inalenga vizuri tu. Kinachonitia wasiwasi ni namba. Bolti za No. 4 zilikuwa zikioanishwa na bunduki moja moja, na ukiona namba tofauti ujue kuna mtu aliibadilisha. Huenda alipima, huenda hakupima.

Cha kupimwa ni hedispesi, yaani nafasi inayoachiwa risasi kati ya uso wa bolti na chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi). Risasi ya .303 ina ukingo kitakoni, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame. Nafasi ikizidi, ganda la risasi hurefuka kila ukifyatua, mwisho linakatika karibu na kitako chake na gesi yenye moto inarudi upande wa uso wako. Ukiweka chembani geji (kipande cha chuma cha kupimia) ya inchi 0.064, bolti lazima ifunge. Ya 0.074 isifunge. Ikifunga, fundi atabadilisha kichwa cha bolti; vilitengenezwa vyenye namba 0 hadi 3, namba ikipanda kichwa kinakuwa kirefu zaidi. Aangalie pia kama ndoana zote mbili za kufungia bolti zinagusa sawasawa, maana kichwa kirefu hakiponyi ndoana iliyolika.

Kijana_wa_Range
Mbona rahisi, ifunge kwenye tairi uvute kifyatulio kwa kamba. Ikitoka salama, endelea.

FundiChuma
Hapana ndugu yangu. Bunduki yenye hedispesi mbaya inaweza kupiga leo bila tatizo, ganda likakatika baadaye shavu lako likiwa kwenye kitako cha bunduki. Kamba haipimi kitu. Geji inapima.

BibiMlengaji
Mwanangu, kabla ya geji toa hiyo grisi. Ikibaki ndani ya chemba au kwenye uso wa bolti, vipimo vitakudanganya. Hakikisha haina risasi, toa bolti, pasha chuma joto la wastani, futa kwa kitambaa chenye spiriti nyeupe, mbali na moto wowote. Mbao usiipige msasa, utafuta mihuri na historia yake yote. Ipake mafuta ya kitani kidogo kidogo. Fungua na kile kifuniko cha shaba kitakoni mwa bunduki, wakati mwingine kamba ya kusafishia na kichupa cha mafuta bado vimo humo!

Jaribu sefti (kizuizi cha usalama) pia, bunduki ikiwa tupu. Koki (iweke tayari kufyatua), weka sefti, vuta kifyatulio, achia, kisha ondoa sefti. Pini ya kufyatulia ikianguka yenyewe, ni kwa fundi moja kwa moja.

MpendaShabaha
Asanteni sana, nimeelewa. Fundi akiipitisha, risasi za zamani za jeshi zinafaa?

BibiMlengaji
Nyingi fataki zake (viwashio vya kitakoni mwa risasi) huacha chumvi mtutuni, na chumvi inavuta unyevu. Mafuta peke yake hayaiondoi. Siku hiyo hiyo mimina maji ya moto kutokea chembani, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Uso wa bolti usiusahau.

FundiChuma
Na uokote maganda yote. Ukiona mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na kitako, simamisha upigaji, irudishe kwa fundi pamoja na maganda hayo.