SRSF1 ya binadamu kutoka E. coli: uwiano wa 260/280 umepanda hadi 1.6, nimekosea wapi?

Mwanagenzi:
Wataalamu, habari za kazi. Ninaandaa SRSF1, protini ya binadamu inayosaidia kuamua ni wapi RNA mjumbe changa ikatwe, introni (vipande visivyohitajika) zitolewe na eksoni (vipande vinavyobaki) ziunganishwe. Jeni yake nimeipandikiza katika bakteria E. coli ikiwa na mkia wa histidini sita, kisha protini nikaisafisha kwa safu ya nikeli katika bafa yenye chumvi ya milimola 150 kwa lita. Kwenye jeli ninaona mstari mmoja mnene, lakini umesimama karibu na kilodaltoni 33 (kipimo cha uzito wa molekuli), ilhali asidi amino 248 hazifikishi 30 hata nikijumlisha mkia. Isitoshe, spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, inanipa uwiano wa 260 kwa 280 (nanomita, ambako RNA hufyonza zaidi penye 260 na protini penye 280) wa 1.6. Je, hii ni protini niliyoikusudia, na inafaa kupimwa inavyoshikana na RNA?

Fundi wa Safu:
Ndugu Mwanagenzi, mstari huo usikutie hofu. Ncha ya mwisho ya SRSF1 imejaa arginini na serini zinazopokezana, na kwa sababu hiyo protini hii hutembea kwenye jeli polepole kuliko uzito wake unavyodai. Kilodaltoni 33 ndizo zilizoonekana tangu mwaka 1990, maabara ya Adrian Krainer huko Cold Spring Harbor ilipoitenga kutoka seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabarani) na kuiita SF2. Mwaka huohuo maabara ya James Manley ya Chuo Kikuu cha Columbia iliieleza kwa jina la ASF, ikaja kubainika kuwa ni protini ileile.

Tatizo lako ni uwiano. Protini safi hukaa karibu na 0.6, hivyo 1.6 maana yake ni kwamba umeisafisha SRSF1 ikiwa imekumbatia RNA ya bakteria, na chumvi ya milimola 150 haina nguvu ya kuwatenganisha. Pasua seli katika mola 1 ya chumvi, uongeze na ribonyuklezi A, kimeng'enya kinachoikata RNA.

Msomi wa RNA:
Kuhusu chumvi ninakubaliana na Fundi, ila kuhusu ribonyuklezi naomba tutofautiane, kwa kuwa kimeng'enya hicho ni sugu mno na chembe chache zitakazobaki zitaitafuna RNA ya jaribio lako, nawe utadhani ni protini yako isiyoshika kitu. Mimi niliwahi kupoteza majuma matatu kwa kosa hilo. Ni heri uioshe safu ya nikeli kwa mola 2 za chumvi kabla ya kuishusha protini kwa imidazoli (kemikali inayouachisha mkia wa histidini kutoka kwenye nikeli), kisha uipitishe kwenye safu ya heparini, molekuli ndefu ya sukari ambayo kwa chaji yake hasi huishika SRSF1 na kuiacha RNA iliyosalia ipite.

Chumvi ikishapungua, protini hii hupenda kuganda na kushuka chini kama ukungu mweupe. Weka arginini na glutamati, milimola 50 kwa lita kila moja, na utaiona bafa inabaki angavu.

Liko jambo jingine ambalo hukuliuliza. Ndani ya seli za binadamu, serini za ncha hiyo hutiwa fosfeti na vimeng'enya kama SRPK1, na E. coli haina vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo ulichonacho ni SRSF1 tupu, yenye chaji chanya nyingi kupita kawaida, na ndiyo maana inanata kwenye RNA yoyote inayokutana nayo. Ukitaka iliyo karibu zaidi na ya binadamu, pandikiza na jeni ya SRPK1 katika bakteria hao hao. Vinginevyo, linganisha RNA yenye mfuatano inaoupenda, wa aina ya GGAGA, na RNA isiyokuwa nao, maana kunata peke yake hakuthibitishi kitu.

Mwanagenzi:
Ahsanteni sana. Nimerudia kwa mola 2 na heparini, bila ribonyuklezi. Uwiano umeshuka hadi 0.7 na mstari uko palepale penye 33. Mavuno yamepungua karibu nusu. Nimeigawa katika mirija midogo yenye gliserini na kuigandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na jeni ya SRPK1 nimeshaiomba kwa msimamizi wangu.

Fundi wa Safu:
Msomi ana haki kuhusu ribonyuklezi, nami ninaliondoa pendekezo langu. Hiyo nusu uliyoipoteza, ndugu, sehemu yake kubwa ilikuwa RNA.