Mjadala: Mtoto wa miaka 3 apewe dawa ya kumlegeza kwenye kiti cha meno?

Mfamasia (mleta mada): Msimamo wangu: kliniki yenye daktari mmoja na msaidizi mmoja isimpe mtoto mdogo midazolamu, dawa ya kulegeza na kutia usingizi. Tuanze na dawa yenyewe. Pasipo na ile ya kunywa, watu huvuta ya sindano na kuichanganya na shira, maana ni chungu kama shubiri. Ampuli zake hazifanani nguvu: kuna ya miligramu 5 ndani ya mililita 5, na ya miligramu 15 ndani ya mililita 3. Mtoto wa kilo 14, kwa nusu miligramu kwa kilo, anapaswa kupata miligramu 7. Kwenye ampuli ya kwanza hizo ni mililita 7, kwenye ya pili ni 1.4. Anayeshika ya pili na hesabu ya ile ya kwanza kichwani atampa mtoto miligramu 35.

Daktari wa meno ya watoto: Hesabu nakubali, msimamo sikubali. Mtoto mwenye meno manane yaliyooza, mengine yana usaha, halali wala hali. Foleni ya nusu kaputi hospitalini ni ndefu. Tukimkandamiza watu watatu, kesho akiona koti jeupe tu anaangua kilio. Gesi ya nitrasi, ya kulegeza inayovutwa kwa pua, ni salama zaidi: unaanza na oksijeni tupu, unapandisha gesi taratibu mpaka asilimia 30 hadi 50, unamaliza na oksijeni tupu dakika 5. Ila inataka mtoto apumue kwa pua. Anayelia anapumua kwa mdomo, na gesi inaishia chumbani. Ndiyo maana wa miaka 3 wanatushinda.

Mtaalamu wa usingizi: Daktari, hofu yangu ni mikono, si dawa. Usingizi mwepesi wa mtoto huteleza ukawa mzito bila kubisha hodi. Kinywa kimepanuliwa, kidevu kimeinama, kuna maji na pamba, ulimi unarudi nyuma. Nani anaangalia kifua wakati wewe unatoboa jino? Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hudanganya: mtoto aliyewekewa oksijeni puani anaweza kuacha kupumua na namba ikabaki 98 kwa muda. Kipimo cha hewa anayotoa huonyesha mapema. Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa watoto na wa meno ya watoto vya Marekani viliandika wazi kwamba anayelazwa usingizi mzito kwenye kliniki ya meno awe na mtaalamu wake wa usingizi, mbali na anayetibu jino. Na mwenye mafua, au anayekoroma kwa mafindofindo makubwa, aahirishwe au apelekwe hospitali.

Mfamasia: Ongezeni na ganzi. Mtoto akilala, watu hutaka kumaliza pande zote nne za kinywa siku hiyohiyo. Lignokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini, kwa miligramu 4.4 kwa kilo, mtoto wa kilo 14 mwisho wake ni miligramu 61. Katriji, yaani kichupa cha ganzi, ya mililita 1.8 ina miligramu 36, kwa hiyo hata katriji ya pili haiishi. Na aliyelegezwa hatalalamika kizunguzungu, dalili ya ganzi kuzidi.

Tabibu meno: Kabla ya yote, wangapi wanahitaji kulegezwa kweli? Tobo lisilofika kwenye kiini hukwanguliwa kwa kijiko cha mkono bila mashine, likazibwa kwa glasi-ayonoma, saruji ya kuzibia meno. Njia hiyo ilianzia hapa Tanzania miaka ya 1980. Pia kuna fluoridi yenye madini ya fedha, asilimia 38, inayopakwa tu kusimamisha uozo. Hugeuza tobo jeusi tii, mzazi aambiwe mapema. Jino lenye usaha haifai.

Daktari wa meno ya watoto: Hapo mmenipunguzia wagonjwa, na la mtu wa pili nalikubali. Wenye usaha bado wapo, nami ningewapa midazolamu pakiwepo mwangalizi asiye na kazi nyingine.

Mtaalamu wa usingizi: Basi mwangalizi huyo asiondoke mapema. Flumazenili, dawa ya kuzima midazolamu, humwamsha mtoto, lakini huisha kabla ya midazolamu, akazama tena. Asiruhusiwe mpaka akae mwenyewe bila kushikwa. Njiani apakatwe kichwa kikiwa kimeinuliwa, kwani kidevu kikigusa kifua njia ya hewa huziba, na aliyembeba atadhani amelala tu.